Je, Wajua? Asaimenti ya mtandaoni na ushahidi ulioko mtaa wa pili

Je, wajua kwamba Wikipedia ya Kiswahili ilifunguliwa mwaka 2003? Imewazidi umri vijana wengi wa sekondari wanaojazana jioni kwenye steshenari za Kariakoo wakisubiri kuprinti asaimenti. Ya Kiingereza ilitangulia kwa miaka miwili: ilianzishwa tarehe 15 Januari 2001 na Wamarekani Jimmy Wales na Larry Sanger. Miongoni mwa Watanzania wa mwanzo walioijaza ya Kiswahili kwa makala ni mwanablogu Ndesanjo Macha.

Je, wajua kwamba Kiswahili kilishaingia kwenye kazi za namna hii kabla Wikipedia haijakuwapo? Mwaka 1994, Martin Benjamin, akiwa Chuo Kikuu cha Yale huko Marekani, alianzisha kamusi ya Kiswahili ya mtandaoni ambayo watumiaji wake popote walipo waliweza kuchangia maneno na marekebisho. Tovuti ya kwanza duniani ambayo msomaji yeyote aliweza kuihariri papo hapo ilifunguliwa mwaka uliofuata, Machi 1995, na mtaalamu wa kompyuta Ward Cunningham.

Je, wajua maana ya maandishi haya: [hariri | hariri chanzo]? Yapo pembeni ya kila kichwa kidogo cha makala za Wikipedia ya Kiswahili. Ukibonyeza, sehemu ile inafunguka na unaweza kuirekebisha. Sasa chukua asaimenti iliyotoka kwenye printa bado ina joto. Mara nyingi utayakuta maandishi yaleyale katikati ya karatasi, chini ya jina la mwanafunzi na la shule, kwa sababu ukurasa ulinakiliwa mzima mzima na haukusomwa. Utakuta pia vitarakimu ndani ya mabano ya mraba, [1], [2], [3], vikielekeza kwenye orodha ya marejeo ambayo haimo. Ukurasa wa mwisho haukuprintiwa ili kuokoa pesa ya karatasi moja.

Karatasi iliyoachwa ndiyo yenye mali. Makala yenyewe ni maneno ya watu tusiowajua, lakini orodha ya mwisho inataja vitabu, magazeti, sheria na ripoti ambamo maneno hayo yametolewa. Mwanafunzi aliyeprinti orodha peke yake na kwenda nayo maktaba ameanza utafiti. Aliyeprinti kurasa sita bila orodha amedesa tu, na hata aliyemdesa hamjui.

Je, wajua kwamba Wikipedia yenyewe inasema isitajwe kama chanzo cha kutegemewa? Imeandikwa wazi kwenye kanuni zake. Wales naye aliwahi kuwaambia wanafunzi wa vyuo, mwaka 2006, kwamba wao wamekwisha kufika chuo na hawapaswi kuinukuu kamusi elezo kwenye kazi zao. Maneno hayo yanaihusu kamusi elezo yoyote, hata zile nene zenye majalada ya ngozi. Ni mahali pa kuanzia.

Je, wajua chuo kilichopiga marufuku kuinukuu? Mwaka 2007, idara ya historia ya Chuo cha Middlebury, Marekani, iliamua kwamba mwanafunzi asiitaje Wikipedia kama ushahidi. Chanzo kilikuwa darasa la historia ya Japani: wanafunzi sita waliandika kwenye mtihani kwamba mapadri Wajesuti waliunga mkono uasi wa Shimabara wa karne ya 17. Profesa wao, Neil Waters, alishangaa kosa moja kutokea mikononi mwa watu sita, akafuatilia, akalikuta kwenye ukurasa wa Wikipedia. Lakini idara ile haikukataza kuusoma. Ilikataza kuunukuu tu.

Tofauti hiyo ina uzito hapa kwetu. Zipo shule ambazo mwalimu akiliona neno Wikipedia kwenye kazi anakata maksi bila kusoma zaidi. Wanafunzi nao wamejifunza: wanaendelea kunakili, ila jina wanalifuta. Mimi naona hasara ni mara mbili. Kosa limebaki palepale, na njia ya kulifuatilia imefutwa.

Je, wajua matokeo ya ulinganisho maarufu wa mwaka 2005? Jarida la sayansi la Nature liliwapa wataalamu makala 42 za sayansi kutoka Wikipedia ya Kiingereza na kutoka Encyclopaedia Britannica, wazisome bila kujua ipi imetoka wapi. Walikuta wastani wa makosa manne hivi kwa kila makala ya Wikipedia na matatu hivi kwa Britannica. Britannica ililalamika vikali kuhusu namna kazi ilivyofanyika. Matokeo yale hutajwa mpaka leo kuitetea Wikipedia, nami naomba tuyatumie kwa uangalifu: zilikuwa makala za sayansi, kwa Kiingereza, zilizopitiwa na macho mengi. Hayatuambii kitu kuhusu ukurasa wa Kiswahili unaoeleza mtaa wa Dar es Salaam, ulioandikwa na mtu mmoja siku moja na kuachwa.

Je, wajua tofauti ya ukubwa? Wikipedia ya Kiingereza imepita makala milioni 6. Ya Kiswahili imepita 80,000. Ile ni kubwa zaidi ya mara hamsini.

Wachache wa kuandika maana yake ni wachache wa kusahihisha pia. Kwenye ile ya Kiingereza kuna programu inayoitwa ClueBot NG, ambayo tangu 2010 inafuta matusi na upuuzi mara nyingi ndani ya sekunde chache. Kwenye lugha yenye wahariri wachache, kosa linaweza kukaa siku nyingi likisubiri mtu mmoja tu anayejua.

Je, wajua kisa cha Kiskoti? Agosti 2020 iligundulika kwamba makala nyingi mno za Wikipedia ya Kiskoti, maelfu kwa maelfu, ziliandikwa na kijana mmoja wa Marekani ambaye hakuijua lugha hiyo. Alianza akiwa mtoto, akibadilisha maneno ya Kiingereza moja moja kwa msaada wa kamusi, kwa nia njema kabisa. Wenye lugha walikuwa hawatazami. Wasomaji wa Kiswahili tusikipite kisa hiki haraka, maana sentensi zilizopitishwa kwenye mashine ya kutafsiri tunazikuta kila siku: maneno ni ya Kiswahili, mpangilio ni wa kigeni, maana haieleweki. Ukikuta makala ya namna hiyo, usiitumie kwa lolote mpaka umeona chanzo chake.

Je, wajua kwamba mungu wa uongo aliishi Wikipedia karibu miaka kumi? Mwaka 2005 mtu aliandika makala fupi kuhusu Jar'Edo Wens, eti mungu wa wenyeji wa Australia. Hakuwahi kuwako. Makala ilifutwa mwaka 2015, na kufikia wakati huo jina hilo lilikuwa limeshaingia kwenye kitabu kilichochapishwa. Hapo ndipo penye mtego: mwandishi wa kitabu anachukua mtandaoni bila kutaja, kesho mhariri wa mtandaoni anakitaja kitabu kama ushahidi, na uongo umepata wazazi wawili.

Waandishi wa habari wenyewe walinaswa mwaka 2009. Mtunzi wa muziki wa filamu Maurice Jarre alipofariki, mwanafunzi mmoja wa Dublin aliingiza nukuu aliyoitunga kwenye ukurasa wa marehemu ili aone kitakachotokea. Magazeti makubwa yakaichapa. Wahariri wa Wikipedia walikuwa wakiifuta kwa kuwa haikuwa na chanzo.

Je, wajua kwamba Tanzania kuna sheria inayogusa mambo haya? Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inaadhibu kuchapisha mtandaoni habari unazojua ni za uongo kwa nia ya kupotosha umma. Majaribio ya namna ile ya Dublin yasifanywe kwa mzaha.

Tuingie mitaani.

Je, wajua Soko la Kariakoo lilichorwa na nani? Ni Beda Amuli, Mtanzania aliyesomea usanifu majengo kwenye chuo cha Technion, Haifa, na mmoja wa Waafrika wa kwanza wa Afrika Mashariki kufanya kazi hiyo kitaalamu. Yale mapaa yake ya zege yaliyosimama kama miavuli yanaonekana kwenye picha nyingi za jiji. Mwulize mwanafunzi lilianza lini, utapata majibu mawili, 1974 na 1975, na mitandaoni yote mawili yamo. Sheria iliyounda Shirika la Masoko ya Kariakoo ni ya 1974. Mwalimu Nyerere alilifungua soko Desemba 1975. Kwa hiyo wawili wanaobishana wanaweza kuwa sahihi wote, ila mmoja anajibu swali la shirika na mwingine anajibu swali la jengo. Soko liliungua usiku wa tarehe 10 Julai 2021, na ukurasa wowote unaolieleza bila kuutaja moto ule umepitwa na wakati.

Je, wajua kwamba Manispaa ya Ilala haipo tena? Februari 2021, Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam ya zamani ilivunjwa, na Ilala ikapandishwa kuwa ndiyo Jiji la Dar es Salaam. Kurasa zilizoandikwa kabla ya hapo bado zinasomwa, bado zinaprintiwa. Kariakoo, Gerezani, Upanga, Kisutu, zote zimo ndani ya halmashauri hiyo mpya.

Na idadi ya watu? Sensa ya 2012 iliukuta Mkoa wa Dar es Salaam na watu 4,364,541. Ya Agosti 2022 iliukuta na 5,383,728. Mwanafunzi anayenakili namba ya kwanza amewaacha nje watu zaidi ya milioni moja. Ofisi ya Taifa ya Takwimu imeweka ripoti zake mtandaoni bure, kwa hiyo kuhakiki namba hii ni kazi ya dakika chache na bando dogo.

Je, wajua aliyeliokota fuvu la Zinjanthropus? Asaimenti nyingi husema Louis Leakey, na vitabu kadhaa pia. Aliyeliona kule Olduvai, tarehe 17 Julai 1959, ni mkewe, Mary Leakey. Siku hiyo Louis alikuwa amelala kambini akiumwa. Fuvu limehifadhiwa Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert, na kutoka Kariakoo unaweza kwenda kwa miguu. Watoto wa mikoani hulisoma kwenye karatasi tu. Mtoto wa shule za Jangwani, Azania au Benjamin Mkapa ana bahati ya kuyafikia makumbusho yanayolitunza baada ya vipindi, na naumia ninapoona bahati hiyo haitumiki.

Je, wajua Sanamu ya Askari ilichukua nafasi ya nani? Pale katikati ya mji iliposimama, Wajerumani walikuwa wameweka sanamu ya gavana wao Hermann von Wissmann. Waingereza waliiondoa, na mwaka 1927 ikazinduliwa hii ya shaba inayowakumbuka askari wa Kiafrika wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Maandishi ya Kiswahili yapo palepale kwenye kitako chake. Kwa mwanafunzi hicho ni chanzo cha kwanza, cha kusomwa kwa macho yake akiwa amesimama barabarani, kisha akalinganishe na alichokisoma mtandaoni.

Je, wajua kwa nini Siku ya Kiswahili Duniani ni tarehe 7 Julai? UNESCO iliichagua mwaka 2021 kwa sababu TANU, chama kilichokifanya Kiswahili kuwa chombo cha kudai uhuru, kilizaliwa tarehe 7 Julai 1954. Kilizaliwa Mtaa wa New Street, ambao leo ni Mtaa wa Lumumba, ukingoni mwa Kariakoo. Siku inayoadhimishwa mpaka Paris chimbuko lake ni jirani na maduka ya sare za shule.

Hapa pana somo zito la vyanzo. TANU ilitoka kwenye TAA, na TAA ilitoka kwenye African Association iliyoundwa Dar es Salaam mwaka 1929. Nani walikuwa nguzo za safari hiyo? Vitabu vingi vya shule huanza na Nyerere na kumalizia naye. Mwaka 1998, Mohamed Said, mwandishi mwenye mizizi Kariakoo, alichapisha kitabu kuhusu Abdulwahid Sykes kinachosisitiza mchango wa wazee wa Kariakoo na Gerezani, wengi wao Waislamu, waliotajwa kidogo au kutotajwa kabisa kwingine. Wapo wanaomkubali, wapo wanaompinga. Kitabu cha shule hakina mahali pa kuonesha mabishano hayo. Ukurasa unaohaririwa na wote unapo: kitufe cha Majadiliano, juu kabisa, ambako wahariri hugombana kwa hoja, kila mmoja akidaiwa ushahidi. Ningekuwa mwalimu wa historia, ningewatuma wanafunzi wakasome huko kwanza kabla ya makala yenyewe.

Kuna na kitufe cha historia. Mnunuzi wa kitenge Mtaa wa Congo hukigeuza upande wa pili kabla ya kulipa; ukurasa wa Wikipedia nao una upande wa pili, unaoonesha kila badiliko, tarehe na saa yake, na jina la aliyelifanya. Makala iliyorekebishwa na watu arobaini kwa miaka kumi si sawa na iliyoandikwa juzi na mmoja. Kuangalia hakuchukui dakika moja, na ni wachache mno wanaofundishwa kufanya hivyo.

Je, wajua namna ya kuitaja ikibidi? Kila toleo la ukurasa lina kiungo chake cha kudumu. Andika jina la makala, neno Wikipedia, tarehe na saa ya toleo ulilosoma, na kiungo hicho. Mwalimu akifungua mwezi ujao ataona maneno yaleyale uliyoyaona wewe, hata kama ukurasa umeshabadilika mara ishirini. Leseni ya Wikipedia inaruhusu kunakili mradi utaje chanzo na wengine nao waruhusiwe vivyo hivyo; lakini leseni haikupi ruhusa ya kudai kwamba uliyoyanakili ni mawazo yako.

Je, wajua kwamba Maktaba Kuu ya Taifa ilifunguliwa na Mwalimu Nyerere siku ya uhuru, tarehe 9 Desemba 1967? Ipo Barabara ya Bibi Titi Mohamed, ng'ambo ya viwanja vya Mnazi Mmoja ukitoka Kariakoo. Na Bibi Titi mwenyewe? Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1926, alikuwa mwimbaji wa ngoma za kina mama, akaingia TANU mwaka 1955 na kuwaongoza wanawake wa chama kwa maelfu. Alishtakiwa kwa uhaini, akafungwa, akatoka mwaka 1972, akafariki mwaka 2000. Msomaji akitaka zaidi ya aya mbili, kitabu cha Susan Geiger cha 1997 kuhusu wanawake wa TANU kimejengwa juu ya masimulizi ya maisha yao kwa vinywa vyao wenyewe. Hivyo ndivyo mnyororo unavyokwenda: jina la barabara, ukurasa mfupi wa mtandaoni, kitabu, sauti ya mhusika.

Tena, katika Wikipedia ya Kiingereza wasifu wa wanawake ni takribani moja ya tano tu ya wasifu wote. Bibi Titi ana ukurasa. Wenzake wengi hawana.

Nyaraka za Taifa ziko Upanga, Mtaa wa Vijibweni. Huko kuna mafaili ya serikali ya kikoloni yanayozungumzia mitaa hii hii.

Je, wajua kwamba Yanga na Simba wote ni watoto wa mitaa hii? Yanga ilianzishwa mwaka 1935, makao yake Twiga na Jangwani. Simba ilifuata mwaka 1936, makao yake Msimbazi, na mpaka mwaka 1971 ilijulikana kwa jina la Sunderland. Wazee wanaoijua miaka hiyo ya Sunderland wapo hai, wanakunywa kahawa vibarazani. Mwanafunzi anaweza kuwauliza. Hawezi, hata hivyo, kuyaingiza majibu yao Wikipedia moja kwa moja, kwa kuwa kanuni inadai kila jambo liwe limechapishwa mahali pengine kwanza.

Kanuni hiyo inazuia uzushi, na siibezi. Lakini inatuumiza. Historia ya Kariakoo, sehemu kubwa, imekaa midomoni mwa watu na kwenye misikiti, vyama vya taarabu, vilabu vya mpira na familia, haikuchapwa. Mwaka 2011 Achal Prabhala aliongoza jaribio huko India na Afrika Kusini la kurekodi sauti za wenyeji na kuzitumia kama marejeo ya makala. Lilizua mjadala mkali kati ya wahariri. Sisi tulipaswa kuwa mstari wa mbele katika mjadala huo, na bado nafasi ipo.

Je, wajua makala fupi huitwaje kwenye Wikipedia ya Kiswahili? Mbegu. Chini yake msomaji anaulizwa kama anajua kitu zaidi na anaalikwa kuongeza. Fungua ukurasa wa kata nyingi za Dar es Salaam utaona mtindo mmoja: jina la kata, wilaya, mkoa, postikodi, idadi ya wakazi kwa sensa, basi. Kata yenye soko kubwa kiasi hiki inaelezwa kwa sentensi chache kuliko kijiji cha Uingereza chenye kanisa moja na daraja. Hakuna aliyetukataza kuandika.

Je, wajua kwamba Google iliwahi kuwalipia wanafunzi zawadi ili waandike? Novemba 2009 iliitisha shindano la makala za Kiswahili kwa wanafunzi wa vyuo vikuu vya Tanzania na Kenya. Makala ziliongezeka kwa mamia. Shindano lilipokwisha mapema 2010, wengi wa washiriki hawakuonekana tena. Zawadi ilileta watu, haikuwabakisha.

Kazi iliyodumu zaidi ni ya ramani. OpenStreetMap, ramani ya dunia inayohaririwa na yeyote, ilianzishwa mwaka 2004 na Steve Coast huko Uingereza. Mwaka 2011, muda si mrefu kabla ya mafuriko makubwa ya Desemba yaliyoua watu katika bonde la Msimbazi, vijana na wakazi wa Tandale walianza kuichora kata yao. Mwaka 2015 ukaja mradi wa Ramani Huria: wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu Ardhi, pamoja na wenyeji wa mitaa, walizunguka kata zinazokumbwa na mafuriko wakiwa na simu na karatasi, wakaandika kila mfereji, kila kalvati, kila nyumba, hata mahali maji yalipofika mara ya mwisho. Benki ya Dunia, Tume ya Sayansi na Teknolojia na Msalaba Mwekundu walikuwemo. Ramani ile iko wazi. Wanafunzi wanaokuja nyuma yao wanaitumia kwenye tafiti zao, na kila mstari una jina la aliyeuchora. Ukitaka kuona mwanafunzi wa hapa mjini akiwa chanzo na si mnakili, mtazame huyu wa Ramani Huria aliyekanyaga tope la Jangwani.

Je, wajua kwamba Wikipedia inaweza kusomwa bila intaneti? Programu ya bure inayoitwa Kiwix, iliyoanza mwaka 2007, inaipakua yote ndani ya kompyuta au flashi. Shule yenye kompyuta moja nzima na flashi moja inaweza kuwa nayo. Zamani kidogo kulikuwa na mpango wa kampuni za simu kutowatoza bando wasomaji wa Wikipedia. Uganda, kupitia Orange, ilikuwa ya mwanzo kabisa mwaka 2012. Mpango ulisitishwa 2018.

Je, wajua kwamba akili mnemba nayo imejifunza huko huko? Programu za kujibu maswali zilizoenea tangu mwishoni mwa 2022 zimelishwa maandishi ya Wikipedia pamoja na mengine mengi. Siku hizi mwanafunzi anaruka Wikipedia na kuuliza mashine moja kwa moja. Anapata insha safi, mara nyingi isiyo na vitarakimu, isiyo na historia ya marekebisho, wala ukurasa wa majadiliano. Na akiidai marejeo, inaweza kumtajia vitabu ambavyo havijawahi kuandikwa. Walimu waliokuwa wakiilaani Wikipedia watakuja kuikumbuka. Ile angalau inakuonesha pa kuibana.

Je, wajua kwamba somo la Historia ya Tanzania na Maadili linafundishwa kwa Kiswahili? Lilianza kuingia madarasani mwaka 2024 kwa mtaala mpya. Maana yake, kwa mara ya kwanza, wanafunzi wengi wa sekondari wanatafuta habari za historia mtandaoni kwa Kiswahili, na wanachokikuta ni zile mbegu. Taasisi ya Elimu Tanzania ina Maktaba Mtandao yenye vitabu vya kiada vya kusoma bure. Hapo ni pa kulinganishia.

Je, wajua kwamba mkutano mkuu wa dunia wa wahariri wa Wikipedia, Wikimania, ulifanyika Nairobi Agosti 2025? Ulikuwa wa kwanza kufanyika Afrika Mashariki. Hapa Tanzania kipo kikundi cha kujitolea cha Jenga Wikipedia ya Kiswahili.

Je, wajua kinachohitajika ili kuanza? Huombwi cheti wala kitambulisho. Chagua mbegu moja ya mahali unapopajua, mathalani kata unayoishi. Nenda Maktaba Kuu uulize vitabu vya historia ya Dar es Salaam. Pitia ripoti ya sensa ya 2022. Chukua mambo matatu yaliyochapwa, uyaandike kwa Kiswahili chako bila kunakili sentensi ya mtu, kila moja na rejeo lake. Bonyeza hariri, bandika, hifadhi. Kisha washa taarifa za ukurasa huo, maana kuna mtu atakuja kukubishia kwenye Majadiliano, na utapaswa kumjibu kwa ushahidi.